Utani wa Jumamosi Asubuhi: Historia ya Kipindi cha Soccer AM katika Uingereza

Siku ya Jumamosi, tarehe 27 Mei 2023, televisheni ya Sky ya Uingereza ilionyesha kwa mara ya mwisho kipindi chake kilichoitwa Soccer AM. Kipindi hicho kilikuwa kimedumu tangu katikati ya miaka ya 1990, na kila Jumamosi asubuhi ya msimu wa mpira kiliwakusanya mbele ya televisheni watu walioamka na uchovu wa usiku wa Ijumaa, wakingoja saa ya kwenda uwanjani. Habari za mpira zilikuwamo ndani yake, na vichekesho vilikuwamo kwa wingi zaidi. Lakini kwa asili yake kilikuwa ni baraza. Kwa kuwa baraza ni jambo linalojulikana sana kwa wasemao Kiswahili, na utani wa mpira vile vile, si vibaya historia ya kipindi hiki cha ugenini ikaangaliwa kwa jicho la Kiswahili. Kiingereza kina maneno mengi ya mzaha, lakini hakina neno moja la kila siku linalobeba maana yote ya utani, yaani mzaha pamoja na wajibu wake.

Kwanza yapasa kueleza kwa nini baraza hilo lilikaa asubuhi, na kwa nini Jumamosi. Katika Uingereza saa tisa alasiri ya Jumamosi ndiyo saa ya mpira kwa desturi, tangu karne ya 19 viwanda vilipoanza kuwaachia wafanyakazi nusu ya siku hiyo. Katika miaka ya 1960 wakubwa wa ligi, wakisukumwa hasa na Bob Lord, mwenyekiti wa klabu ya Burnley, walikataza mechi za saa hiyo kuonyeshwa moja kwa moja katika televisheni. Hofu yao ilikuwa kwamba watu wangekaa nyumbani kuzitazama timu kubwa, na viwanja vya timu ndogo vingebaki vitupu. Amri hiyo ingaliko hata leo: Jumamosi, tokea saa 8.45 mchana mpaka saa 11.15 jioni, hakuna mechi inayoonyeshwa moja kwa moja nchini humo. Ndiyo maana mtu wa Dar es Salaam au Mombasa, akiwa ameketi katika kibanda cha kuonyeshea mpira, aweza kuiona mechi ambayo Mwingereza anayekaa mtaa wa pili kutoka uwanjani haruhusiwi kuiona sebuleni kwake.

Kwa watu wa televisheni amri hii ilikuwa taabu, kisha ikageuka kuwa faida. Siku iliyo kubwa kupita zote kwa mpira ilikuwa haina mpira wa kuonyesha kwa saa yake yenyewe. Kilichobaki kuuzwa ni maneno: kutabiri kabla ya mchezo, na kulaumiana baada yake.

Biashara hiyo ya maneno haikuanzishwa na Sky. Shirika la BBC lilikuwa na kipindi kirefu cha michezo cha Jumamosi, Grandstand, kilichodumu tangu 1958 mpaka 2007, na ndani yake sehemu ya mazungumzo ya mpira ilipewa jina la Football Focus mwaka 1974. Huko kote waliongea watu wenye tai, kwa sauti ya darasani. Aliyeleta sauti ya barazani ni Jimmy Greaves, mfungaji mashuhuri wa Tottenham Hotspur na wa timu ya taifa ya Uingereza, ambaye pamoja na Ian St John, Mskoti aliyechezea Liverpool, aliongoza kipindi cha Saint and Greavsie katika televisheni ya ITV tangu 1985 hadi 1992. Greaves alizoea kuwacheka makipa wa Scotland, na Mskoti akiketi papo hapo kando yake, naye acheke. Mtazamaji yeyote wa Kiswahili angetambua mara moja lililokuwa likifanyika pale. ITV ilipopoteza haki ya kuonyesha ligi mwaka 1992, kipindi hicho kikafa.

Haki hiyo ilichukuliwa na Sky. Mkataba wa kwanza wa Ligi Kuu mpya, uliofanywa mwezi wa Mei 1992 na Sky pamoja na BBC, hutajwa kuwa wa pauni milioni 304 kwa miaka 5. Sky ilipata mechi za moja kwa moja, na BBC ikapata kuonyesha vipande usiku. Mechi ya kwanza ya Ligi Kuu kuonyeshwa moja kwa moja ilikuwa ya Nottingham Forest na Liverpool, tarehe 16 Agosti 1992, siku ya Jumapili. Mpira ukawa kitu cha kununuliwa kwa mwezi, kwa mwenye dishi juu ya paa. Tena shirika lililotoa fedha nyingi namna hiyo halingeweza kuiacha Jumamosi ipite bure.

Lakini fedha hazitoshi kueleza kwa nini kipindi cha mzaha kilipata watu. Yafaa kutazama hali ya washabiki wenyewe katika miaka iliyotangulia. Mwaka 1985 ulikuwa mwaka wa msiba. Tarehe 11 Mei moto uliteketeza jukwaa la Bradford City na watu 56 wakafa. Tarehe 29 ya mwezi ule ule watu 39 walikufa katika uwanja wa Heysel, Brussels, baada ya washabiki wa Liverpool kuwavamia wa Juventus na ukuta kuanguka. Serikali na magazeti mengi yakawa yanamtazama mshabiki kama mhalifu. Tarehe 15 Aprili 1989 likatokea la Hillsborough, mjini Sheffield, ambako msongamano uliosababishwa na makosa ya polisi uliwaua washabiki wa Liverpool ambao idadi yao leo yahesabiwa kuwa 97. Na kwa miaka mingi lawama walitupiwa wao wenyewe marehemu.

Wiki moja baada ya Hillsborough, mjini Liverpool, lilifanyika jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa utani hana budi kulitia maanani. Uwanja wa Anfield wa Liverpool na uwanja wa Goodison wa Everton, mahasimu wao wa mji mmoja, ulitenganishwa na bustani tu. Watu wa pande zote mbili walifunga skafu za bluu na nyekundu, moja kwa nyingine, zikatandazwa kupita bustanini kutoka uwanja mmoja hadi wa pili, mwendo wa karibu maili nzima. Waliokuwa wakitukanana kila msimu walizika pamoja.

A. R. Radcliffe-Brown, alipoandika juu ya desturi za namna hii mwaka 1940, alieleza kwamba mtani anaruhusiwa, na pengine analazimika, kumdhihaki mwenzake, na mwenzake haruhusiwi kukasirika. R. E. Moreau, aliyekusanya habari za Tanganyika na kuzichapisha mwaka 1944, alionyesha upande mwingine ulio muhimu vile vile, yaani kazi ya mtani katika msiba. Asiyefika matangani hana haki ya kutania harusini. Kwa kipimo hicho, Everton na Liverpool walikuwa watani kamili mwaka 1989, ijapokuwa hawakuwa na jina la kuuita uhusiano wao. Na Simba na Yanga, ambao magazeti ya Tanzania huwaita watani wa jadi, wana jina ambalo Waingereza wangeweza kuliazima kwa faida.

Baada ya Hillsborough, uchunguzi wa Jaji Taylor, uliotoa ripoti yake ya mwisho Januari 1990, ulipendekeza viti viwekwe mahali pa ngazi za kusimamia. Ilipofika Agosti 1994 viwanja vya ligi ya juu vilitakiwa viwe vya viti vitupu. Usalama uliongezeka, na hapana mwenye akili timamu angetaka kurudia hali ya zamani. Hata hivyo kitu fulani kilivunjika pamoja na ngazi zile. Katika ngazi kijana alisimama na wenzake wale wale, kila wiki, mahali pale pale. Aliingia kwa fedha kidogo, na huko alijifunza nyimbo na majibu ya kejeli. Kiti kilikuwa na namba na bei. Marufuku ya kusimama yalianza kulegezwa Januari 2022 tu, katika viwanja vichache vilivyotengeneza sehemu maalumu.

Basi tazama tarehe. Ngazi zilitoweka mwaka 1994, na Soccer AM kilizaliwa katika majira yayo hayo. Wazo la kumpa mshabiki nafasi ya kujichekesha lilikuwa tayari hewani: gazeti la When Saturday Comes lilianzishwa na washabiki mwaka 1986, likafuatwa na vijarida vingi vya kila klabu, na mwaka 1994 BBC ilianza kuonyesha Fantasy Football League, ambamo wachekeshaji David Baddiel na Frank Skinner waliketi juu ya kochi wakiwacheka wachezaji. Tofauti ni kwamba Soccer AM kiliwaleta washabiki wenyewe studioni. Kila wiki kundi la watu wa klabu moja lilialikwa, wakavaa jezi zao, wakapangwa katika viti nyuma ya watangazaji, wakaimba, wakazomea, wakaitwa washabiki wa wiki. Jukwaa lililobomolewa uwanjani lilijengwa upya, dogo, chini ya taa za studio.

Watangazaji waliokipa sura yake ni Helen Chamberlain, aliyeingia mwaka 1995, na Tim Lovejoy, aliyeingia 1996 na kuondoka 2007. Wawili hao waliketi kwenye kochi na mgeni, aghalabu mchezaji, mwanamuziki au mchekeshaji, na muda ulikuwa mrefu kiasi cha kuruhusu mambo kupotea njia. Wafanyakazi wa nyuma ya pazia walitokea mbele ya kamera kwa majina ya utani, kama yule aliyeitwa Tubes, ambaye kazi yake ilikuwa kumwuliza mgeni swali moja tu. Vipande vya mechi vilikatwa si kwa kuonyesha magoli, bali kwa kuonyesha mbwembwe: chenga isiyo na faida, mpira uliopitishwa katikati ya miguu, kisigino. Sehemu nyingine ilikusanya mambo yaliyoonwa na watazamaji wenye macho makali pembeni ya picha, kama mtu aliyeanguka kitini wakati wote wakitazama kona. Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Jicho la mshabiki aliye ngazini halikufuata mpira peke yake. Liliokota kila kichekesho uwanjani, nalo ndilo jicho ambalo kamera za mechi zilikuwa zimelisahau.

Kilichopendwa kupita vyote ni mashindano ya mtambaa panya, kwa Kiingereza Crossbar Challenge. Kamera ilikwenda mazoezini kwa klabu moja, kubwa au ndogo, na wachezaji wakasimama katikati ya uwanja, kila mmoja apige mpira mara moja tu, akijaribu kuugonga mwamba wa juu wa goli. Wengi walikosa vibaya. Kipa wa akiba aliweza kugonga pale nahodha alipopaisha, na wenzake wakamkimbilia kana kwamba ametwaa kombe. Ubora wa mchezo huo ulikuwa katika usawa wake. Mchezaji wa daraja la nne alipewa mpira mmoja na dakika ile ile aliyopewa mchezaji wa Ligi Kuu, na kwa sekunde kadhaa mamilioni ya pauni hayakuwa na maana. Katika televisheni iliyotajirika kwa kuuza timu chache kubwa, hii ilikuwa heshima ya kweli kwa vilabu ambavyo amri ya Bob Lord ilikusudia kuvilinda.

Chamberlain mwenyewe alikuwa ushahidi wa heshima hiyo. Klabu yake ni Torquay United, timu ya mji mdogo wa pwani ya kusini magharibi, na alichorwa nembo yake mwilini. Hakuletwa kuwapamba wanaume wawili waliojua mpira. Yeye ndiye aliyejua, na alidumu miaka 22, muda ambao hakuna mwanamume wa kochi lile aliyeufikia. Kwa msichana wa Kiingereza wa miaka ile, aliyezoea kuambiwa kwamba hawezi kueleza sheria ya kuotea, ilikuwa kitu kumwona mwanamke akimkatiza mchezaji wa taifa ili amsahihishe.

Na hapo hapo, katika studio ile ile, kila wiki msichana mwingine aliletwa akivaa jezi ya klabu yake, akatembezwa mbele ya kamera huku washabiki wanaume wakipiga kelele. Aliitwa Soccerette. Aliulizwa maswali machache, ya mpira na yasiyo ya mpira, kisha akaondoka. Watetezi wa desturi hii walisema kwamba wasichana walikuja kwa hiari na walicheka pia. Lakini utani una kanuni ambayo kila mtoto wa pwani aijua: anayetaniwa lazima awe na zamu yake. Washabiki wa wiki walidhihakiwa, wakajibu kwa wimbo. Mchezaji aliyekosa mtambaa panya alichekwa, wiki ya pili akacheka wengine. Msichana yule hakuwa na zamu. Kwa hiyo lile halikuwa utani hata kidogo, ijapokuwa lilifanyika kwa kicheko, na kulitia katika hesabu ya utani ni kuliharibu neno.

Neno la Kiingereza lililotumika kufunika mambo haya ni banter. Ni neno la karne ya 17, na lilimaanisha kejeli nyepesi kati ya watu walio sawa. Katika miaka hii kipindi kikiwa hewani likawa kama cheti cha msamaha. Mwezi wa Januari 2011, kabla ya mechi ya Wolverhampton Wanderers na Liverpool, watangazaji wawili wakubwa wa Sky, Andy Gray na Richard Keys, wasiohusika na Soccer AM, walisikika wakimdharau Sian Massey, mwamuzi msaidizi, kwa kuwa ni mwanamke. Siku chache baadaye Gray alifukuzwa na Keys akajiuzulu. Keys aliyaita maneno yale kuwa ni banter ya zama za kale, na ni vigumu kupata mfano bora wa kazi mpya ya neno lile. Massey alikuwa ameamua kwa usahihi katika mechi hiyo. Sehemu ya Soccerette iliendelea miaka kadhaa baada ya hapo, ikafutwa mwaka 2015.

Mwaka huo ndio Max Rushden, aliyeshika nafasi ya mwanamume kochini tangu 2008, alipoondoka, na John Fendley, aliyekuwa mmoja wa wale wa nyuma ya pazia, akapanda mbele. Chamberlain aliondoka 2017, na mahali pake akaja Jimmy Bullard. Uteuzi wa Bullard wastahili sentensi chache zaidi, kwa sababu ya jambo alilolifanya akiwa bado mchezaji wa Hull City. Tarehe 26 Desemba 2008 Hull walikuwa wamefungwa 4–0 na Manchester City kufikia mapumziko, na meneja wao Phil Brown, kwa hasira, akawakalisha wachezaji uwanjani mbele ya washabiki na kuwakaripia kwa kidole. Mwezi wa Novemba 2009 timu zilirudiana katika uwanja ule ule. Bullard alifunga penalti ya kusawazisha, na wenzake wakaketi duara juu ya nyasi huku yeye amesimama katikati akiwanyoshea kidole, mfano wa meneja wake. Brown alicheka, na yafaa aliheshimiwe kwa hilo. Mchezaji mdogo alimtania mkubwa hadharani na mkubwa akapokea. Uhusiano wao ukatoka salama.

Kwa mtu wa namna hiyo kipindi kingeweza kupata maisha ya pili. Lakini baraza lilikuwa limekwisha hamia kwingine. Kipande cha mbwembwe ambacho zamani kilingojwa mpaka Jumamosi sasa kilionekana katika simu dakika moja baada ya kutendeka, na kipindi chenyewe kilikatwakatwa kikagawiwa katika simu kama vipande. Muda wake hewani ulipunguzwa. Mwezi wa Machi 2023 zilitoka habari kwamba kingekomeshwa mwisho wa msimu, na Mei kikakoma.

Lililobaki ni maneno, na katika maneno hayo historia ya kipindi imejikunja kwa namna ya ajabu kidogo. Jina lake lenyewe lilikuwa na neno soccer, ambalo Waingereza wengi wa leo hulichukia wakidhani ni la Kimarekani. Kumbe ni lao. Chama cha mpira kilipoundwa London mwaka 1863, mchezo wa sheria zake uliitwa mpira wa chama, yaani wa association, ili utofautike na ule wa Rugby. Mwishoni mwa karne hiyo wanafunzi wa Oxford walikuwa na mchezo wa kukata maneno na kuyapachika mkia: Rugby wakaiita rugger, na kutoka katikati ya neno association wakapata soccer. Neno hilo lilikuwa la kawaida katika magazeti ya Uingereza hata miaka ya 1970, likavuka bahari, likafika hadi kwa Waswahili wakalifanya soka, kisha likapoteza heshima yake nyumbani.

Kipindi chenye jina hilo nacho kiliieneza lugha yake. Neno lililovuma kupita yote ni tekkers, la kumsifu mchezaji mwenye ufundi wa mguu, lililofupishwa kutoka technique. Hili latamkwa na vijana wa mitaani ambao baba zao hawakuiona Oxford wala hawakutamani kuiona. Lakini mkia wake ni ule ule wa soccer na rugger, uliotungwa na watoto wa matajiri zaidi ya miaka 100 iliyopita. Vijana wa viwanja vya kukodi katika Uingereza hulisema hata sasa, hasa mmoja wao anapousimamisha mpira katikati ya uwanja, anarudi nyuma hatua tano, na wenzake wananyamaza kutazama kama ataugonga mtambaa panya.